Tindikali ya udongo, chokaa na mizizi ya mibuni: mwongozo kwa wakulima wa milima ya Tanga

Mibuni ikianza kuwa na majani ya njano, matawi yakikauka kuanzia nchani, na jua la Januari likiwaka kidogo tu majani yakaning'inia, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuongeza mbolea. Wengi huku milimani wameufuata: mfuko wa SA (mbolea ya salfeti ya amonia) mwaka huu, mwingine mwaka ujao, na mibuni inazidi kudhoofu. Mwongozo huu unaanzia chini, kwenye ncha ya mzizi, kwa sababu katika udongo wenye tindikali kali hapo ndipo mbuni unapoumia kwanza, muda mrefu kabla jani halijabadilika rangi. Kazi ya chokaa ni kuufungulia mzizi njia. Ukilishika hilo, maswali ya kiasi gani, lini na iwekwe wapi yanajibika.

Kwa nini udongo wetu una tindikali

Udongo wa Usambara umetokana na mawe ya kale sana, na kwa muda mrefu mno mvua imekuwa ikiviosha virutubisho vya kalisi, magnesi na potasi na kuvipeleka chini, mizizi isikofika. Kinachobaki kwa wingi ni chuma na alumini. Wekundu wa udongo wetu unatokana na chuma hicho. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo Usambara Mashariki ndiyo iliyooshwa zaidi. Usambara Magharibi, kuanzia Soni kupanda Lushoto hadi Mlalo na Mtae, hali hubadilika kutoka kilima hadi kilima. Bondeni kwenye udongo mweusi unaweza kukuta pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali inazidi) ya 6, na mgongoni mwa kilima hichohicho ikawa chini ya 5.

Yaliyotokea Usambara Mashariki zamani yanafaa kukumbukwa na kila anayetaka kupanda kahawa. Miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka msitu sehemu za Derema na Nguelo wakapanda kahawa. Waliona miti mirefu wakaamini chini kuna rutuba. Kumbe rutuba ilikuwa kwenye majani yanayoanguka na kuoza juujuu, na msitu ulikuwa ukijilisha wenyewe. Miti ilipoondoka, mvua ikaondoka na kile kidogo kilichokuwepo, na baada ya miaka michache kahawa ikadhoofu. Udongo ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za mashamba hayo kushindwa. Baadaye milima hiyo ikaja kushika chai, zao linalopenda tindikali. Basi ukiona chai imestawi vizuri mpakani mwa shamba lako, usiseme tu kwamba ardhi ni nzuri. Ni nzuri kwa chai.

Mvua siyo peke yake. Mbolea za amonia nazo huongeza tindikali, na SA ndiyo inayoongoza: kila mfuko wa kilo 50 wa SA huacha tindikali inayohitaji takriban kilo 55 za chokaa safi kuizima. Kwa naitrojeni ileile, SA hutia tindikali karibu mara tatu kuliko urea. CAN (mbolea ya naitreti ya amonia na kalisi) ina unga wa chokaa ndani yake, kwa hiyo madhara yake ni madogo. Mtu aliyemwaga SA kuzunguka shina miaka kumi mfululizo bila chokaa amejitengenezea duara la tindikali palepale mizizi ya kulisha ilipo.

Kinachotokea kwenye ncha ya mzizi

Kila pH ikishuka kwa namba moja, tindikali huongezeka mara kumi. Udongo wa pH 4.5 una tindikali mara kumi zaidi ya ule wa 5.5, ingawa kwenye karatasi ya majibu tofauti inaonekana ni namba moja tu. Hata hivyo tindikali yenyewe si adui mkubwa wa mbuni. Adui ni alumini.

Alumini imo ndani ya kila udongo wa mfinyanzi. pH ikiwa 5.5 au zaidi imetulia, haimdhuru mtu. pH ikishuka chini ya hapo huanza kuyeyuka kwenye maji ya udongo, na chini ya 5 inakuwa nyingi. Hapo hushambulia milimita chache za mwisho za mzizi, mahali ambapo chembe mpya zinazaliwa na kurefuka. Katika mimea isiyoivumilia, mzizi huacha kurefuka ndani ya saa chache. Ncha hunenepa na kuwa kahawia, mizizi ya pembeni hutoka mifupi kama vijiti vilivyovunjwa, na vinyweleo vinavyonyonya maji na chakula havipo, au vipo vya kuhesabika.

Halafu linaongezeka la pili. Alumini na chuma huing'ang'ania fosforasi, hivyo hata ukiweka mbolea ya fosforasi kama DAP kwa wingi, mbuni hupata kidogo. La tatu ndilo wengi hawalijui: ncha ya mzizi haiwezi kuletewa kalisi kutoka juu. Kalisi hupanda na maji kwenda kwenye majani lakini haishuki tena kulisha mizizi. Kila ncha lazima iikute kalisi hapohapo inapopita. Ikiwa udongo wa chini hauna kalisi, mzizi hauingii humo, hata kama juu umeweka samadi ya kutosha.

Sasa weka hayo kwenye umbo la mizizi ya mbuni. Mtafiti F. J. Nutman alichapisha mwaka 1933 uchunguzi wake wa mizizi ya mibuni ya arabika katika udongo wa Afrika Mashariki, na picha aliyoitoa bado ndiyo tunayoifuata. Mzizi mkuu wa arabika ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida huishia kabla ya nusu mita au hapo karibu. Kutoka hapo mizizi mingine hushuka wima, na udongo ukiruhusu hufika mita mbili hadi tatu. Mingine hutambaa kwa pembeni zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina, na mizizi ya kulisha imejaa kwenye sentimita 30 za juu. Ile inayoshuka ndiyo inayoubeba mbuni wakati wa kiangazi. Alumini ikiizuia, mbuni unaishi kwa kutegemea udongo wa juu tu, na huo hukauka wiki mbili tu mvua ikikatika. Ndiyo sababu shamba la namna hii hunyauka mapema, na likizaa sana mwaka mmoja matawi hukauka mwaka unaofuata.

Kuna jambo la kufurahia hapa. Mbuni huivumilia tindikali kuliko mahindi, na kuliko maharage kabisa. Unastawi kwenye pH kati ya 5.2 na 6.2 hivi. Ukipata 5.3 usikimbilie chokaa kwa hofu. Ukipata 4.6, soma mwongozo huu mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza: chimba uone

Chagua mbuni mmoja uliodhoofu na mmoja wenye afya katika shamba lilelile. Chimba shimo la kina cha nusu mita, upana wa jembe mbili, kwenye ukingo wa kivuli cha matawi, yaani pale matone ya mvua yanapodondokea kutoka kwenye majani ya mwisho. Fanya hivyo wiki tatu au nne baada ya mvua kuanza, maana wakati huo mizizi mipya inatoka. Chimba upande mmoja tu wa mti, na ukimaliza urudishe udongo siku hiyohiyo.

Usivute mizizi. Ulainishe ukuta wa shimo kwa maji ya kopo, taratibu, mpaka udongo udondoke na mizizi ibaki inaning'inia. Kisha iangalie kwa karibu. Mzizi wenye afya una ncha nyeupe au ya rangi ya krimu, imechongoka, ni laini, na nyuma yake yametoka matawi mengi membamba kama uzi. Mzizi ulioumizwa na alumini una ncha butu ya kahawia, umevimba kidogo mwishoni, na matawi yake ni machache na mafupi. Angalia pia mizizi inakoma kwenye kina gani. Mara nyingi utaona imejaa kwenye sentimita 15 za juu, kisha inapinda na kutambaa kwa pembeni mahali ambapo udongo mweusi unakutana na mwekundu. Mstari huo ndio mpaka wa alumini. Pima kina chake kwa rula ukiandike.

Lakini usiipe tindikali lawama zisizo zake. Mizizi yenye vinundu ni dalili ya minyoo fundo. Mizizi myeusi iliyooza na kutoa harufu ni ya maji yaliyotuama. Mzizi mkuu uliokunjika ulikunjwa siku ya kupanda, kwa sababu mche ulikaa mno kwenye kiriba au shimo lilikuwa fupi. Chokaa haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Hatua ya pili: chukua sampuli ya udongo ipasavyo

Sampuli mbaya huleta majibu mabaya, na fedha ya maabara inakuwa imepotea. Tembea shambani kwa kupindapinda, chukua udongo kwenye vituo 15 hadi 20, uchanganye ndani ya ndoo safi ya plastiki. Epuka pale palipomwagwa majivu, palipofungwa ng'ombe, na kando ya njia. Bondeni na mgongoni ni sampuli mbili tofauti hata kama ni shamba lako moja.

Kwa kahawa iliyokwisha kupandwa kuna nyongeza muhimu: tenga sampuli ya chini ya matawi, panapowekwa mbolea, na sampuli ya katikati ya mistari. Tofauti huwa kubwa. Na kila mahali chukua vina viwili, sentimita 0 hadi 30 na sentimita 30 hadi 60, kila kina kwenye ndoo yake. Kina cha pili ndicho kitakachokuambia kama mizizi inayoshuka ina njia. Anika kivulini, punguza mpaka nusu kilo, andika jina la shamba, kina na tarehe.

Mkoani kwetu tuna bahati ya kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano, wilayani Muheza, ambacho miongoni mwa kazi zake kubwa ni utafiti wa udongo. Pia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina maabara ya udongo, na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, makao yake yako Lyamungu, mkoani Kilimanjaro. Omba vipimo vya pH ya maji, alumini inayobadilishika (ile iliyoshikwa juujuu ya chembe za udongo na inayoweza kuachiliwa), kalisi, magnesi, potasi na fosforasi. Ukipewa pH peke yake utajua una tatizo, ila hutajua uweke chokaa kiasi gani. Vile vipima pH vya bei nafuu vyenye miguu miwili ya chuma vinavyochomekwa ardhini, binafsi sivitegemei kwa uamuzi wa fedha.

Hatua ya tatu: jaribio la maharage

Hili ni la mkulima ambaye majibu ya maabara yatachelewa, au anayetaka kuona kwa macho yake. Maharage yanaiogopa alumini kuliko mbuni, kwa hiyo mizizi yake hutoa jibu haraka.

Jaza ndoo ndogo mbili kwa udongo wa kina cha sentimita 30 hadi 60, kilo 5 kila moja, bila samadi. Ndoo moja changanya kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, cha chokaa ya kilimo iliyosagwa laini. Hiyo ni sawa na tani mbili kwa hekta. Lowanisha zote mbili, zifunike, ziache wiki mbili ili chokaa ifanye kazi. Kisha panda maharage matano kila ndoo. Baada ya wiki mbili nyingine zamisha ndoo nzima ndani ya beseni la maji, utoe miche bila kuikata, na uilaze sambamba juu ya gunia.

Kama mizizi ya ndoo yenye chokaa ni mirefu na yenye nyuzinyuzi nyingi, na ile nyingine ni mifupi ya kahawia, huhitaji mtu wa kukushawishi. Kama inafanana, tatizo la mibuni yako liko kwingine, na umejiokolea gharama.

Hatua ya nne: chagua chokaa

Mkoa wa Tanga una tindikali mlimani na mawe ya chokaa chini. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayo, na kiwanda cha saruji cha Pongwe kinayatumia mawe ya aina hiyohiyo. Ugumu ni kuyapata yakiwa yamesagwa vizuri na kuyapandisha mlimani bila usafiri kuzidi bei ya chokaa. Vikundi vya wakulima vinavyoagiza lori moja pamoja hupata nafuu kubwa hapo.

Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu, halijachomwa. Ni salama, hufanya kazi polepole, na ndiyo ninayoishauri. Dolomaiti ni jiwe lenye kalisi na magnesi. Kama maabara imeonyesha magnesi iko chini, ichague hiyo. Chokaa ya ujenzi imechomwa. Ikiwa imezimwa kwa maji, nguvu yake ni kama mara 1.35 ya chokaa safi ya jiwe. Ikiwa haijazimwa hufika karibu mara 1.8, na inaunguza ngozi, macho na mizizi. Ukilazimika kutumia iliyozimwa, punguza kiasi, uichanganye na udongo mapema, na usiiweke karibu na shina. Chokaa ya kuchoma matumbawe, inayojulikana sana pwani, iache: tunayahitaji matumbawe baharini.

Majivu ya jikoni yanasaidia, tena yanaleta potasi. Nguvu yake kwa kawaida haifiki nusu au huwa hapo karibu na nusu ya chokaa safi, na jiko moja halitoshi ekari nzima. Yafaa kwenye kitalu na bustani ndogo.

Dukani fanya vipimo viwili. Kamulia ndimu au siki juu ya unga kidogo: chokaa ya jiwe hutoa povu na kuchemka, jasi (madini ya salfati ya kalisi) haitoi. Halafu pitisha gramu mia kwenye chujio la chai na uone kinachobaki juu. Punje kubwa zaidi ya milimita 2 hukaa ardhini miaka bila kufanya lolote la maana, wakati unga laini huanza kazi msimu huohuo. Kama robo ya mfuko ni changarawe, unalipia mfuko na kupata robo tatu.

Hatua ya tano: piga hesabu

Kanuni inayotumika sana katika udongo wa nchi za joto ni hii: chukua kiwango cha alumini inayobadilishika kwenye majibu ya maabara (kwa kipimo cha cmol kwa kilo), zidisha kwa 1.5, upate tani za chokaa safi kwa hekta. Inalenga kuizima alumini tu, siyo kuifikisha pH kwenye 7, na kwa mbuni ndicho tunachokitaka.

Tuseme alumini ni 1.2. Mara 1.5 ni tani 1.8. Kama mfuko unasema nguvu ya chokaa ni asilimia 80, gawanya 1.8 kwa 0.8, upate tani 2.25 kwa hekta. Tani moja kwa hekta ni gramu 100 kwa mita ya mraba, au kilo 400 kwa ekari. Kwa hiyo hapa ni gramu 225 kwa mita ya mraba, kilo 900 kwa ekari ikiwa utamwaga shamba zima.

Kwa mibuni iliyokomaa si lazima kumwaga shamba zima mwaka wa kwanza. Duara la nusu kipenyo cha mita moja kuzunguka shina lina eneo la takriban mita 3 za mraba. Gramu 225 mara 3 ni gramu 675 kwa mti. Mibuni iliyopandwa kwa nafasi ya mita 2.7 kwa 2.7 ni kama 550 kwa ekari, basi unahitaji karibu kilo 370, yaani mifuko saba ya kilo 50 na ziada. Nenda na kopo dukani, lipime kwenye mizani likiwa limejaa chokaa, uweke alama ya gramu 675 kwa kalamu. Shambani kopo hilo linamaliza ubishi wote.

Usichukue kiasi cha jirani. Udongo wa mfinyanzi wenye mboji nyingi una akiba kubwa ya tindikali nyuma ya ile inayopimwa, na huhitaji chokaa nyingi ili kuinua pH kidogo. Udongo wa kichanga hauna akiba hiyo. Kiasi kilekile kitaupitisha kiwango.

Hatua ya sita: iweke mahali mizizi itakapopita

Chokaa haitembei. Ukiimwaga juu bila kuichanganya, hushuka sentimita chache tu kwa mwaka. Ndiyo maana nafasi bora kuliko zote ni kabla ya kupanda, na kwa mti utakaoishi miongo kadhaa nafasi hiyo hairudi kirahisi.

Kwenye shamba jipya chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60 miezi mitatu kabla ya masika, yaani karibu na Desemba. Tenga udongo wa juu na wa chini. Kiwango cha tani 2 kwa hekta kilichochanganywa kwenye sentimita 20 ni sawa na kilo moja kwa mita ya ujazo, na shimo hili lina mita za ujazo 0.216, hivyo linahitaji gramu 200 hivi. Ichanganye na udongo wote unaorudi shimoni, ukiugeuza mara tatu mpaka usione tena weupe. Wengi huitupa chini ya shimo kama tabaka; mizizi hukutana na ukanda wa chokaa kisha alumini palepale chini yake. Samadi iliyoiva changanya na udongo wa juu wiki kadhaa baadaye. Na usiishie shimoni: mizizi ya pembeni itatoka humo ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo mwaga na katikati ya mistari ulimie, kama uwezo upo.

Mibuni iliyokomaa inataka upole. Ondoa matandazo, mwaga chokaa kuanzia sentimita 20 kutoka kwenye shina hadi ukingo wa kivuli, kwatua juujuu kwa uma au jembe kina kisichozidi sentimita 5, rudisha matandazo. Ukilima kwa kina utakata mizizi ile ile unayotaka kuiokoa. Kama hesabu imezidi tani 2 kwa hekta, kama ilivyo kwenye mfano wetu wa juu, igawe kwa misimu miwili. Kwenye mteremko iweke juu kidogo ya shina na uhakikishe matuta yamekarabatiwa, vinginevyo mvua ya kwanza itampelekea jirani wa chini. Wakati mzuri ni Februari kabla ya masika, au Septemba kabla ya vuli. Chokaa inahitaji unyevu ili ifanye kazi, ila usiimwage siku ya mvua kubwa wala ya upepo. Funga kitambaa puani, vaa mikono mirefu, na ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi papo hapo.

Kitaluni, udongo wa msituni ambao wengi huupenda kwa weusi wake unaweza kuwa na tindikali kali, hasa maeneo ya Amani. Upime kabla ya kujaza viriba. Gramu moja ya chokaa kwa kilo moja ya udongo, iliyochanganywa wiki mbili au tatu kabla, kwa kawaida inatosha.

Hatua ya saba: udongo wa chini usiofikika

Kama sampuli ya sentimita 30 hadi 60 ina alumini nyingi na mibuni tayari imesimama, chokaa ya juu haitafika huko kwa wakati. Hapa ndipo jasi inapofaa. Jasi huyeyuka kirahisi kuliko chokaa, hushuka na maji, hupeleka kalisi chini na salfati yake hupunguza ukali wa alumini. Haiinui pH, kwa hiyo haichukui nafasi ya chokaa, inaikamilisha. Wakulima wa kahawa wa Brazili kwenye nyanda zao zenye tindikali wamezitumia zote mbili pamoja kwa miaka mingi. Kwetu jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, kando ya barabara ya kutoka Korogwe kwenda Moshi. Tahadhari yake ni kwamba huishusha pia magnesi na potasi, hivyo usiitumie bila majibu ya maabara na ushauri wa afisa ugani.

Hatua ya nane: usiirudishe tindikali kwa mkono mwingine

Badili SA kwa CAN, au angalau punguza SA. Usichanganye chokaa na mbolea ya amonia au samadi mbichi siku moja, kwa maana naitrojeni itapaa hewani. Acha wiki tatu hadi nne. Mbolea ya mawe ya fosfati ya Minjingu inahitaji tindikali ili iyeyuke, kwa hiyo ukiitaka ifanye kazi iweke mapema, chokaa ifuate baadaye.

Matandazo ndiyo rafiki mkubwa wa kazi yote hii. Majani ya migomba, majani ya Guatemala yaliyokatwa kwenye kingo za matuta na maganda ya kahawa, yakiwa yanaoza, huifunga alumini kwa njia yao wenyewe na kuweka unyevu juu, mizizi ya kulisha ilipo. Mkulima asiyeweza kununua chokaa mwaka huu anaweza kuanza na matandazo wiki hii.

Chokaa ikizidi

pH ikipita 6.5, mbuni huanza kukosa chuma, zinki, boroni na manganizi. Majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, hiyo ni dalili ya kukosa chuma. Majani yakiwa madogo, membamba, yamesongamana kwenye ncha ya tawi, hiyo ni ya kukosa zinki. Kushusha pH iliyopanda ni kazi ngumu kuliko kuipandisha, ndiyo maana nasisitiza kugawa kiasi na kupima.

Lini upime tena

Chimba shimo jingine mwaka mmoja baadaye, upande mwingine wa mti uleule, na ulinganishe na kina ulichoandika. Ncha nyeupe kwenye sentimita 15 za juu zinatosha kukuonyesha kwamba kazi imeanza. Usitegemee mabadiliko ya kina kabla ya miaka miwili. Majani hufuata mizizi, na mavuno hufuata majani, kwa hiyo msimu wa kwanza usipime mafanikio kwa kilo za buni. Maabara irudie kila baada ya miaka mitatu au minne, chini ya matawi na katikati ya mistari kama mwanzo.

Na kama shamba liko kwenye migongo ya Amani, pH ni 4.2, alumini imejaa hadi mita moja chini, na chokaa inabidi ipande mlima kwa kichwa, ushauri wangu ni kuitenga kahawa kwenye kipande kidogo unachoweza kukihudumia vizuri. Sehemu iliyobaki ipe chai, iliki au mdalasini.